Mukombero wa Kakamega: shajara ya uchimbaji unaobakiza mmea

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya kikundi chetu kilicho upande wa Shinyalu, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega. Ninaiandika nikiwa katibu wa kikundi na kuiongezea kila hatua inapokamilika, ili kikundi kingine chenye msitu na wachimbaji kisirudie hasara zetu. Gharama zote ni za shilingi za Kenya.

Machi 2022: Kuhesabu kabla ya kugusa jembe

Aliyewahi kusubiri matatu Chavakali, Eldoret au Nairobi anaujua mukombero: vijiti vya kahawia vilivyofungwa mafungu na kuwekwa kando ya njugu karanga. Wengine huutafuna wapate hamu ya kula, wengine tumbo litulie, na wanaume wengi hununua kwa sababu wasiyoitaja mbele ya watoto. Kitaalamu ni Mondia whytei, mmea unaotambaa na kupanda miti, wenye majani makubwa ya umbo la moyo yanayoota mawili mawili yakitazamana. Ukiukata hutoa utomvu mweupe. Kinachouzwa ni mzizi, na hapo ndipo penye taabu yote. Mchuma majani huacha mmea umesimama, lakini mchimba mizizi asipojizuia huondoka nao mzima.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 kuhusu ukulima na ukusanyaji wa mimea ya dawa unataka hali ya mmea porini ijulikane kabla ya kuuvuna. Tulifanya kwa njia rahisi. Tulivuta kamba ya mita 100 kutoka njiani kuingia msituni, tukahesabu kila shina la mukombero lililokuwa ndani ya mita tano upande wa kulia na mita tano upande wa kushoto. Mstari mmoja hivyo ni karibu robo ekari. Shina nene kuliko kidole gumba tuliliandika kubwa, na lililobaki dogo.

Mtu mmoja alipendekeza tuhesabu na mashimo. Namshukuru mpaka leo, kwa kuwa mashimo ndiyo yaliyotuambia ukweli. Karibu na njia, mashimo ya zamani yalikuwa mengi kuliko mashina makubwa. Juu ya baadhi yake kamba kavu za mukombero zilikuwa bado zimening'inia mitini, na chini hapakuwa na kitu. Mashina makubwa tuliyakuta mbali, kwenye miteremko inayoelekea mtoni, ambako mama aliyebeba mtoto mgongoni hafiki kwa urahisi.

Gharama: kamba, madaftari, chai na chakula cha wapimaji, 4,600.

Mei 2022: Ruhusa

Kwa kifupi: msitu huu ni hifadhi ya kisheria tangu 1933, na huingii na jembe kwa sababu tu babu yako aliingia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataja ukusanyaji wa dawa za miti miongoni mwa haki ambazo chama cha jamii cha msitu kinaweza kupewa katika makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Tulipitia njia hiyo. Eneo la Buyangu, lililo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), tuliliondoa kabisa kwenye mpango. Nauli, kunakili karatasi na vikao: 7,200. Anayeanza ajue kwamba vikao huchukua muda kuliko kazi ya shambani, na apange hivyo.

Julai 2022: Kanuni ya "chukua nusu" yashindwa

Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa fupi: chimba, chukua nusu ya mizizi, acha nusu. Kwenye karatasi ilipendeza. Msituni haikufanya kazi hata asubuhi moja. Kila mchimbaji alikuwa na nusu yake, na ili kuijua ilibidi afukue mzizi wote. Ukishaufukua wote, umeshakata vijizizi vyembamba vinavyonyonya maji, na huo unaouacha ni wa kufa.

Kukhu (bibi) mmoja, ambaye amechimba tangu ujana wake, alikaa chini na kuweka panga kando.

"Mwanangu, nusu ya kitu nisichokiona naipimaje?"

"Wewe kukhu huwa unafanyaje?"

"Mimi huchimba upande wa jua linakochomoza. Wa magharibi ni wa mwaka mwingine. Na kichwa sikigusi."

Kichwa ni pale shina linapokutana na mzizi mkuu, na ndipo machipukizi hutokea. Tulifuta kanuni yetu siku ileile tukashika yake. Inavyofanyika: unasafisha majani makavu kuzunguka shina, unapima urefu wa kiganja kutoka kwenye shina, na ndani ya mstari huo hupeleki chuma. Nje ya mstari unachimba mfereji wa nusu duara upande mmoja tu. Jembe linapasua udongo wa juu, kisha unaendelea kwa ncha ya panga na vidole. Ukifika kwenye mzizi utaunusia kabla ya kuuona, harufu tamu kama vanila inapanda kutoka kwenye udongo mwekundu. Mzizi wa kando ulio nene kuliko kidole gumba unakatwa kwa kisu kikali, mkato mmoja ulionyooka. Mwembamba unaachwa. Mzizi mkuu unaokwenda chini hauguswi, hata uwe mnene namna gani.

Hili la mwisho lilizua ubishi mkubwa, maana mzizi mkuu ndio mzito na mizani hulipa uzito. Ubishi huo haukwisha kwa maneno. Uliisha tulipobadilisha bei, na nimeuandika kwenye Machi 2024.

Oktoba 2022: Miteremko na riboni

Mvua ya Agosti na Septemba ilionyesha kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya mahali. Kwenye ardhi tambarare upande wa mashariki ni upande kama mwingine. Kwenye mteremko unaotazama mashariki, upande huo ndio wa chini, na ukiuchimba unaondoa udongo unaoushikilia mmea. Maji yaliingia kwenye mifereji, yakazoa udongo, na baadhi ya mashina yaliegemea mpaka vichwa vikabaki wazi. Yaliyofukiwa kwa udongo tu yaliathirika pia, kwa kuwa udongo uliotifuliwa huzolewa upesi. Tulirekebisha hivi: mtelemkoni unachimba ubavuni, kulia au kushoto, kamwe si upande wa chini. Baada ya kukata, udongo unarudishwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa kwa mguu, kisha majani makavu yanarudishwa juu na kuwekewa vijiti viwili vilivyolala kukingama mteremko. Inaongeza dakika chache tu. Mashina yaliyofanyiwa hivyo yalipita mvua bila kuyumba.

Ya pili ilituuma zaidi. Ili kujua mmea upi umeshachimbwa, tulifunga riboni nyekundu mtini. Riboni inaonekana kwa mbali, na ndilo lililotuponza. Watu wasio wa kikundi waliifuata kama ramani, wakafukua mimea tuliyoibakiza, kichwa na yote. Mahali pengine tulikuta riboni imebaki mtini na shimo chini yake.

Sasa hatufungi kitu mtini. Kigingi kifupi chenye namba iliyochomwa kwa msumari wa moto kinapigwa ardhini nyuma ya shina, kikabaki urefu wa kidole na kufunikwa majani. Daftari linaeleza kilipo kwa hatua kutoka kwenye mti mkubwa unaojulikana, upande uliochimbwa, mwezi na uzito. Daftari hukaa kwa mtunza kumbukumbu, na kila mchimbaji ana ukurasa wa eneo lake peke yake. Eneo la mtu linapojulikana ni lake, hata skauti wa msitu hapati kazi kubwa, kwa sababu mwenyewe hupita kuangalia.

Gharama: riboni zilizopotea bure 1,500, vigingi tulichonga wenyewe kwa matawi yaliyoanguka, na msumari na mkaa vilikuwa 400.

Februari 2023: Kitalu

Wageni wengi huuliza kwa nini tusipande tu nyumbani tukaachana na msitu. Kupanda tunapanda, ila jibu hilo lina shimo. Mwenye ekari atapanda, atavuna, na soko litamwendea yeye. Wachimbaji wetu wengi ni wajane, vijana wasio na shamba, na wanawake wanaolima vipande vya kukodi. Mukombero ukihamia mashambani bila mpango, hao ndio wanaopoteza, na aliyepoteza kipato anarudi msituni usiku. Kwa hiyo kitalu hiki ni cha pamoja, na mche wa kwanza unakwenda kwa asiye na shamba, kupandwa kwenye mipaka ya mashamba ya watu waliokubali kwa maandishi kwamba mzizi ni wa aliyepanda.

Tulianza na vipandikizi vya shina kwa sababu ni vya bure. Tulivichoma kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, chini ya kivuli. Vilitoa majani, tukafurahi, kisha vikanyauka karibu vyote. Tulipovichomoa havikuwa na mizizi. Majani yale yalikuwa yametumia chakula kilichobaki ndani ya shina. Asiye na maabara ya kuzalisha mimea kwa tishu asitegemee njia hii.

Mbegu ndiyo njia, ila ina masharti yake. Tunda la mukombero ni maganda mawili yaliyoungana. Likikomaa hupasuka, na kila mbegu ina kishungi cha nyuzi laini kama hariri kinachoichukua kwa upepo. Ukichelewa unakuta ganda tupu. Ukiwahi mno, mbegu ni nyeupe na laini na haioti. Tunachuma ganda linapoanza kubadilika rangi na kuonyesha ufa, tunaliweka ndani ya mfuko wa kitambaa, likapasukie humo. Mzigo wetu wa kwanza uliwekwa kwenye karatasi ya nailoni ikafungwa. Ukaingia ukungu wote. Wa pili tuliuanika kivulini, tukaondoa vishungi kwa mkono na kuupanda bila kuuweka akiba, na uliota vizuri ndani ya wiki chache.

Kisha miche ikaanza kulala chini, shina limeoza pale linapogusa udongo. Kunyunyizia maji jioni ndiko kulikoleta hilo: udongo ulikaa na maji usiku kucha. Tulihamia kumwagilia asubuhi, tukaongeza mchanga, tukapunguza miche kwenye kitanda. Uozo ulikoma.

Gharama: neti ya kivuli 6,500, mifuko ya miche 3,000, mchanga na boda boda ya kuubeba 2,800, mlinzi wa kitalu, kwa zamu, chakula tu.

Juni 2023: Miche mashambani

Ilipandwa wakati wa mvua kando ya miti, ili iwe na pa kukwea. Mbuzi waliipenda kuliko tulivyodhani. Mche uliozungushiwa miba ulipona. Uliolindwa kwa kauli ya "tutafunga mbuzi" haukupona.

Novemba 2023: Kukausha wakati wa El Nino

Tulitaka kuacha kuuza mzizi mbichi. Mbichi unaoza, na broka anajua kwamba unaoza, kwa hiyo jioni bei ni yake. Mzizi mkavu unasubiri. Tatizo ni kwamba tulianza kukausha mvua za El Nino zilipofika.

Mzigo wa kwanza ulitandazwa juani juu ya turubai, kila wingu lilipokuja ukakunjwa. Ndani ya turubai lililokunjwa mlikuwa na joto na unyevu, na siku ya tatu vipande vilikuwa na madoa ya kijani. Tulitupa gunia zima. Nasisitiza kutupa, maana kulikuwa na pendekezo la kuvifuta na kuvisaga, na hakuna mteja ambaye angejua. Ukungu haufutiki kwa kitambaa, na unaingia kwenye unga na kwenye tumbo la mtu.

Mzigo wa pili ulianikwa kwenye mabati wakati jua lilipotokea. Ulikauka barabara, lakini hauna harufu. Kinachonukia kwenye mukombero ni kampaundi iliyo jamaa wa karibu wa vanilini, na hupaa kwenye joto kali. Mnunuzi mmoja alivunja kipande, akanusa, akakirudisha mezani bila kusema neno.

Kilichofanya kazi: mzizi unaoshwa kwa maji yanayotiririka na brashi ngumu bila kulowekwa, unaachwa udondoke maji, kisha unakatwa vipande vya unene wa sarafu ya shilingi ishirini ikirudiwa mara mbili. Vipande vinatandazwa tabaka moja juu ya waya wa kuku uliofunikwa chandarua, kwenye vichanja vilivyoinuliwa usawa wa kifua. Juu yake kuna paa la nailoni angavu, na chini ya paa hilo kitambaa cheusi, ili joto lipatikane na miale isipige mzizi. Pande mbili ziko wazi kwa upepo. Kipande kikikunjwa na kuvunjika kwa mlio, kimekauka, kikipinda, bado. Kwa mizani yetu, kilo moja kavu inatokana na zaidi kidogo ya kilo tatu mbichi.

Gharama ya kikaushio: mbao 5,400, nailoni 3,800, waya na chandarua 3,100, fundi 2,500. Gunia lililotupwa lilikuwa na thamani ya karibu 4,000 kwa bei tuliyowalipa wachimbaji, na walilipwa kama kawaida, kwani kosa halikuwa lao.

Machi 2024: Bei, pesa taslimu na lebo

Hili ndilo ningependa anayetuiga alisome mara mbili.

Broka hununua kwa kilo na hupenda mizizi minene. Bei yake ilikuwa 80 kwa kilo mbichi, inalipwa papo hapo, pembeni mwa njia. Sisi tulitangaza 110. Kwa akili ya hesabu kila mtu angekuja kwetu. Hawakuja, au walikuja na mizizi myembamba na kupeleka minene kwake. Sababu ni kwamba tulilipa baada ya kuuza. Mama mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hawezi kula 110 ya mwezi ujao. Miezi kadhaa tuliendelea kuhubiri uhifadhi kwa watu waliokuwa wanahitaji pesa ya unga jioni ile.

Tulichofanya: tulitoa 20,000 kwenye mfuko wa chama chetu cha kuweka na kukopa, zikawa fedha za mzunguko. Mtunza mizani anapima, anaandika namba ya kigingi, anatuma M-Pesa mchimbaji akiwa bado amesimama pale. Mauzo yakiingia, mfuko unajazwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Pili, mzizi mkuu haununuliwi kabisa. Unajulikana kwa kuchongoka kwake na kovu la kichwa upande mmoja. Ukiletwa unarudishwa, na namba ya kigingi inakaguliwa. Mzizi usio na namba pia haununuliwi, hata uletwe na mwenyekiti. Tangu hapo ubishi wa mzizi mkuu umekufa, kwa sababu kuuchimba hakulipi kwetu, na broka hawezi kupata kilo za kutosha kuja kila siku.

Kuuza: vipande vikavu kwa jumla tunauza 650 kwa kilo. Ukitoa mzizi, ada za M-Pesa, usafiri na mifuko, kinachobaki ni kidogo ila kinabaki.

Lebo ilitukwaza. Kijana mmoja alichora nzuri, yenye maneno ya nguvu za kiume na kutibu tumbo, tukachapa. Halafu tukaelezwa jambo tulilopaswa kuuliza mapema: bidhaa inayodai kutibu ni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na inahitaji kusajiliwa kama dawa. Bidhaa ya chakula, kama unga wa kutia kwenye chai, inafuata viwango vya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Hatukuwa na uwezo wa njia ya kwanza, na kwa dhamiri hatukuwa na ushahidi wa kuandika tunatibu. Lebo mpya ina jina, uzito, tarehe, msitu ulikotoka na namba ya mzigo. Lebo za zamani zilizochomwa: 3,500. Unga wa rejareja unasubiri ukaguzi wa KEBS. Kwa sasa tunauza vipande kwa jumla tu.

Agosti 2024: Kurudi kwenye vigingi vya kwanza

Tulirudi kwenye mimea ya Julai 2022 tukiwa na daftari. Mpango ulisema upande wa magharibi uchimbwe baada ya mwaka mmoja. Kwa bahati kazi ya kikaushio ilituchelewesha, na ni vizuri ilitokea hivyo. Tulipofunua upande uliochimbwa, mizizi mipya ilikuwepo kwenye mimea mingi, ikitoka karibu na mikato safi, lakini mingi ilikuwa bado haijafikia unene wa kidole gumba. Mikato iliyofanywa kwa panga butu ilikuwa imeoza kuelekea kichwani. Na mimea iliyo chini ya kivuli kizito ilikuwa nyuma sana ya ile iliyo kando ya uwazi.

Kukhu alishika mzizi mmoja mpya bila kuukata, akaurudishia udongo. "Huu bado unanyonya," alisema, akahamia kigingi kingine.

Tumebadilisha kanuni tatu. Mmea unapumzika miaka miwili kamili kabla ya upande wa pili, na miaka minne kabla ya kurudi upande wa kwanza. Chini ya kivuli kizito hauchimbwi mpaka mizizi ionekane kwa kufukua kidogo kwa vidole. Kila mchimbaji anabeba kisu chake kilichonolewa, na kikundi kimenunua mawe ya kunolea kwa 1,800. Na kwa kuwa kupumzika kunapunguza kilo, eneo la kila mtu limegawanywa vipande viwili vya kupokezana, na mukombero wa mipakani unajaza pengo. Ule uliopandwa Juni 2023 na kupona mbuzi tutauchimba kwa mara ya kwanza mwakani, upande mmoja, kwa vigingi vilevile.

Mistari ya kamba ya Machi 2022 tutaivuta upya mvua ndefu ya mwakani isipoharibu njia, mashina na mashimo yakihesabiwa kwa namna ileile. Bajeti iliyotengwa ni 5,500.